Zabuni, rangi na mali kauli: somo la Richmond

Mwaka 1983 jiji la Richmond, Virginia, lilitangaza zabuni ya kufunga vyoo vya chuma cha pua kwenye jela ya jiji. Kazi ilikuwa ndogo, lakini ugomvi wake ulifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na hukumu iliyotoka 1989 ndiyo inayopima hadi leo kila mpango wa mji unaotaka wafanyabiashara Weusi wapate sehemu yao katika fedha za umma. Wanaoijadili huzungumzia Katiba na rangi ya ngozi. Ni sawa, ila kuna jambo la dukani kabisa ndani ya kesi ile ambalo pande zote mbili hulipita haraka: mali kauli, yaani kuchukua mzigo kwa ahadi ya kulipa baadaye.

Mwaka huohuo baraza la jiji, lenye madiwani Weusi watano kati ya tisa, lilikuwa limeamua kwamba mkandarasi mkuu wa ujenzi lazima ayape makampuni ya watu wa makundi ya wachache kwa rangi au asili, Weusi wakiwemo, walau asilimia 30 ya thamani ya kazi. Sababu haikuwa ngumu kuiona. Nusu ya wakazi wa Richmond walikuwa Weusi, lakini katika miaka mitano iliyotangulia makampuni ya wachache yalikuwa yamepata asilimia 0.67 tu ya mikataba mikuu ya ujenzi ya jiji.

Kampuni ya mabomba ya J.A. Croson ndiyo pekee iliyoomba kazi ya jela. Ikatafuta kampuni ya wachache ya kushirikiana nayo, na moja ya hapohapo mjini ikaonyesha nia. Mwenye kampuni hiyo akaenda kwa wauzaji kuulizia bei ya vyoo. Wa kwanza alikuwa ameshampa Croson bei, akakataa kumpa na yeye. Wa pili akasema hatoi bei mpaka amchunguze kama anakopesheka, na uchunguzi huo ungechukua si chini ya siku 30. Bei yake ilipopatikana hatimaye, ilizidi kwa zaidi ya dola 6,000 ile ambayo Croson ilikuwa imeiweka kwenye hesabu zake. Croson ikaomba isamehewe sharti, jiji likakataa na kutaka kutangaza zabuni upya, kampuni ikaenda mahakamani. Mwishowe Mahakama ya Juu iliubatilisha mpango wa jiji.

Upande uliopinga mpango ulikuwa na hoja ambazo haifai kuzidharau. Jaji Sandra Day O'Connor, aliyeandika hukumu, alisema asilimia za wakazi si ushahidi wa ubaguzi. Cha kulinganisha ni mikataba na idadi ya makampuni ya wachache yenye sifa za kufanya kazi hiyo. Pia orodha ya wanufaika ilihusisha hadi Waaleuti, watu wa visiwa vya Alaska, ambao huenda hakuna hata mmoja aliyewahi kuishi Richmond. Na tajiri Mweusi kutoka jimbo lolote la Marekani angeweza kuja kuchukua ile asilimia 30. Hapo nakubaliana naye kabisa. Mpango wa kurekebisha dhuluma ya mji fulani unapaswa kuwafikia waliodhulumiwa katika mji huo.

Lakini hoja ya idadi ya makampuni yenye sifa inanishinda kuikubali. Makampuni hayo yalikuwa machache kwa sababu gani? Richmond, uliokuwa mji mkuu wa majimbo yaliyopigana kuulinda utumwa, ulikuwa na mtaa wa Jackson Ward uliojaa maduka, mashirika ya bima na benki za Weusi. Ndiko Maggie Lena Walker, binti wa mwanamke aliyewahi kuwa mtumwa, alikoanzisha benki mwaka 1903. Miaka ya 1950 barabara kuu ilipitishwa katikati ya mtaa huo, nyumba na biashara zikabomolewa. Sheria ya shirikisho ya kukataza ubaguzi wa rangi kwenye mikopo ya kila aina ilikuja katikati ya miaka ya 1970. Kumwuliza mtu wa mtaa ule mwaka 1983 kwa nini hana kampuni kubwa ya ujenzi ni kusahau nani alimbomolea na nani alimnyima mkopo. Jaji Thurgood Marshall aliyasema ya namna hiyo katika maoni yake ya kupinga, na naona alikuwa na haki.

Atlanta ilionyesha kinachowezekana mji ukiwa na nia. Maynard Jackson, meya Mweusi wa kwanza wa jiji hilo, alishikilia kwamba uwanja mpya wa ndege haujengwi bila makampuni ya wachache kupata takribani robo ya kazi, na hakutishika na waliosema mradi ungechelewa. Jengo lilifunguliwa 1980. Wakandarasi Weusi walipata humo uzoefu wa kazi kubwa, na uzoefu ndio unaoulizwa kwenye kila zabuni inayofuata.

Hata hivyo Atlanta hiyohiyo imekuwa ikitajwa miaka mingi miongoni mwa miji ya Marekani yenye pengo kubwa zaidi la kipato. Wakosoaji husema mipango hii hutajirisha wachache wenye jina mjini, huzaa kampuni za mfukoni, na hufungua mlango wa rushwa. Mwaka 1994 aliyewahi kuwa kamishna wa uwanja huo alitiwa hatiani kwa hongo iliyohusu maduka ya humo ndani. Msomaji wa Kenya, ambako asilimia 30 ya zabuni za serikali hutengwa kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, anayajua malalamiko haya, tena anajua na lingine: kupata zabuni kisha kuidai kaunti miaka bila kulipwa.

Sasa mapambano yamehamia hadi kwenye fedha binafsi. Fearless Fund ya Atlanta ilikuwa ikitoa ruzuku ya dola 20,000 kwa wanawake Weusi wenye biashara. Ilishtakiwa 2023 kwa sheria ya 1866, iliyotungwa kuwalinda waliotoka utumwani, inayokataza ubaguzi wa rangi katika mikataba. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa iliizuia, na mpango ukafungwa. Walioshtaki wanauliza: tukiruhusu mfuko wa Weusi tu, tutaukatazaje wa Wazungu tu? Swali hilo lina uzito, na lazima lijibiwe. Jibu langu ni kwamba mfuko wa namna hiyo unaingia sokoni ambako pengo limeshatengenezwa. Mwaka 2022 familia ya Kizungu ya katikati ilikuwa na mali ya takribani dola 285,000, ya Weusi karibu dola 45,000. Mali hiyo, hasa nyumba, ndiyo mtu huweka rehani anapoanzisha biashara.

Hapo ndipo naurudia mlango wa yule muuzaji wa vyoo. Asilimia 30 ilimpa mkandarasi mdogo haki ya kuingia kwenye kazi, ila haikumpa mali kauli. Mkubwa hupewa mzigo leo akalipa akishalipwa. Mdogo huambiwa subiri tukuchunguze. Baada ya 1989 watu waligombania asilimia, na mkopo wa muuzaji ukabaki vilevile.

O'Connor mwenyewe aliandika kwamba miji inaweza kurahisisha zabuni, kulegeza masharti ya dhamana, na kutoa mafunzo na msaada wa fedha kwa wajasiriamali wanyonge wa rangi zote. Watetezi wa mipango ya rangi wanahofia njia hiyo itaishia kwa makampuni madogo ya Wazungu wa vitongojini, na hofu hiyo ina msingi. Kwa hiyo nisingeacha kutetea mipango ya rangi pale ushahidi wa ubaguzi upo. Lakini mwezi Oktoba 2025 Wizara ya Usafirishaji ya Marekani iliondoa utaratibu wa kumhesabu mwenye kampuni Mweusi au mwanamke moja kwa moja kuwa alinyimwa fursa, katika mikataba ya miradi inayofadhiliwa na wizara hiyo. Sasa kila mmoja athibitishe ya kwake. Wakati kesi zikiendelea, jiji linaweza kugawa zabuni kubwa vipande, kulipa hati za madai kwa wakati, na kuwa mdhamini wa kampuni ndogo za mitaa kama Jackson Ward mbele ya wauzaji wa vifaa. Hayo yanahitaji kura za madiwani na fungu kwenye bajeti, na bajeti hupitishwa kila mwaka.