Ulipe Kabla ya Jua Kuzama

Benki ya uwekezaji ya Marekani, Lehman Brothers, ilipoanguka Septemba 2008, swapu zake za riba (mikataba ya kubadilishana malipo ya riba) zilizokuwa LCH, kituo cha malipano cha London, zilikuwa na thamani ya makaratasi, yaani kiasi cha kukokotolea malipo tu, ya dola trilioni 9. Kituo kilizifunga kwa wiki chache tu, kikatumia takriban theluthi ya dhamana iliyowekwa na Lehman yenyewe. Wanachama wengine hawakupoteza hata senti. Juma lilelile la kuanguka kwa Lehman, kampuni ya bima ya AIG, iliyouza kinga dhidi ya mikopo isiyolipwa bila kuweka dhamana ya kutosha mapema, ilikopeshwa dola bilioni 85 na Benki Kuu ya Marekani ili isizame.

Kwa hiyo naunga mkono kwa moyo wote uamuzi wa G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, wa mwaka 2009, kule Pittsburgh, kwamba derivativu za kawaida (mikataba ambayo thamani yake hutegemea bei ya kitu kingine, kama swapu) zipitie vituo hivi. Kituo huwa muuzaji kwa kila mnunuzi, na mnunuzi kwa kila muuzaji. Hudai dhamana ya awali, kisha kila siku hukusanya tofauti ya bei kwa aliyepata hasara, kwa kawaida taslimu.

Hapo kwenye taslimu ndipo penye wasiwasi wangu. Zamani uliumiza kichwa kujua kama mwenzako atalipa. Sasa unaweza kuwa tajiri wa mali, mkataba wako ukiwa salama kabisa, na bado ukakwama kwa kukosa fedha mkononi jioni ya leo. Dai hilo la dhamana linawabana hata walio nje ya vituo. Septemba 2022 mifuko ya pensheni ya Uingereza iliuza hatifungani za serikali ili ipate dhamana iliyodaiwa kwenye mikataba yake. Mauzo yakashusha bei, na bei iliyoshuka ikaleta madai mapya. Tarehe 28 Benki Kuu ya Uingereza ikaingia sokoni kununua.

Akiba haiozi. Dhamana ikae juu kidogo wakati soko limetulia, ili isilazimike kupanda ghafla dhoruba inapokuja. Mfanyabiashara atanung'unika kwamba fedha zake zimelala bure, na kweli ni gharama, lakini naona ni nafuu kuliko kuuza kila kitu kwa siku moja.

Na wenye vituo waweke mtaji wao zaidi, ubebe hasara kabla ya fedha za wanachama. Mwaka 2018 mfanyabiashara mmoja wa umeme wa Norway alishindwa kulipa katika kituo cha malipano cha kampuni ya Nasdaq, na euro milioni 107 zikatoka kwenye mfuko wa pamoja wa wanachama, watu ambao hawakuwa na mkono wowote katika dau lake.