Msumbiji hawakushindwa kubangua korosho

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya duka moja Dar, mkononi nina pakiti ya korosho za kukaanga. Nyuma yake, kwa maandishi madogo, imeandikwa zimefungashwa Vietnam. Kijana aliyesimama nyuma yangu akaona ninavyoisoma, akasema: "Dada, watu wa kusini na ndugu zao wa Msumbiji wanajua kuuza ghafi tu. Kubangua hawawezi." Sikumjibu. Nikikasirika sana maneno hunikwama kooni. Namjibu hapa, na yeyote mwenye wazo kama lake.

Mimi ni Mmakonde wa Newala. Ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mueda, kuna watu tunaoitana shangazi na mjomba, na mto huo haujawahi kututenganisha kwa lolote la maana. Kwa hiyo habari ya Msumbiji siisomi kama habari ya ugenini.

Bibi yangu alikuwa akibangua nyumbani. Debe limetobolewa matundu, moto chini, moshi mzito wa mafuta ya ganda unaowasha macho hadi jikoni kwa jirani. Zikishaungua anazimwagia mchanga, anakaa chini na jiwe, anagonga moja moja. Anajipaka majivu vidoleni kabla hajaanza, lakini mafuta yale hayana huruma; ngozi ya vidole vyake ilikuwa nyeusi na ngumu, imepasuka kwenye maungio. Akikushika shavu ulikuwa unaisikia ile mikwaruzo. Anayesema kubangua hatujui hajawahi kushikwa shavu na mkono wa namna ile.

Sasa Msumbiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nchi ile ilikuwa inaongoza duniani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na haikuwa inauza ghafi peke yake. Ilikuwa na viwanda: Machava karibu na mji mkuu, Manjacaze, Angoche, Monapo. Miti yenyewe ililetwa na Wareno kutoka Brazil katika karne ya 16, na hata neno letu kanju ni caju yao. Lakini waliokaa kwenye mabenchi ya viwanda vile, wakichambua nzima na zilizovunjika, wengi walikuwa wanawake wa Kiafrika, na kwa wengi wao ule ndio ulikuwa mshahara wa kwanza kuingia katika familia yao kupitia mkono wa mwanamke.

Uhuru ulikuja Juni 1975. Mwaka 1978 serikali ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru, ilipiga marufuku kusafirisha korosho ghafi ili viwanda visikose mali. Wakati huo vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeshaanza. Miaka 16 hadi makubaliano ya Roma ya Oktoba 1992, barabara zikiwa na mabomu, maduka ya vijijini yaliyokuwa yananunua korosho yamechomwa, miti imezeeka bila kupandwa mipya. Uzalishaji uliporomoka hadi chini ya robo ya ule wa zamani. Nani angebaki juu katika hali hiyo?

Nitakubali jambo moja, ingawa kwa shingo upande. Viwanda vile vilikuwa na matatizo yake. Mashine zilivunja korosho nyingi kuliko mikono ya wabanguaji wa India, na korosho iliyovunjika haina bei. Mkulima naye alilipwa kidogo, maana alikuwa amefungiwa soko moja. Haya ni kweli, na anayeyaficha haitetei Msumbiji.

Lakini angalia kilichofuata. Katikati ya miaka ya 1990 serikali iliviuza viwanda kwa watu binafsi. Walionunua waliingia wakiamini ghafi itaendelea kuwekewa ulinzi. Wino haujakauka, mwaka 1995 Benki ya Dunia ikaweka sharti: mnataka mikopo, punguzeni ushuru wa kusafirisha ghafi, ule uliochukua nafasi ya marufuku, mwaka hadi mwaka, mpaka uishe. Nchi imetoka vitani miaka mitatu tu iliyopita. Bajeti yake inategemea wafadhili. Ukiwa mezani na mtu aliyeshika unga wa watoto wako, utamwambia nini? Ushuru ukashuka hadi asilimia 14. Ghafi ikapanda meli kwenda India, na viwanda vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine.

Wafanyakazi walikuwa kiasi cha 10,000. Kufikia mwaka 2001 wengi wao kabisa walikuwa wamerudishwa nyumbani.

Hoja ya wakubwa wa Benki ilikuwa kwamba mkulima atafaidika, na wakulima ni wengi kuliko wafanyakazi wa viwandani. Hoja hiyo ina uzito. Ndiyo maana inaniuma, kwa sababu ilipopimwa haikusimama. Mwaka 2002 wachumi watatu, Margaret McMillan, Dani Rodrik na Karen Welch, walichapisha hesabu ya jambo hili. Faida iliyomfikia mkulima wa kawaida, kwa kaya nzima, haikuzidi dola 5.30 kwa mwaka. Gawanya kwa miezi 12, hupati hata nusu dola kwa mwezi. Sehemu nzuri ya faida ilibaki kwa wachuuzi na wasafirishaji waliokaa kati yake na bandari. Sisi wa Newala hatuhitaji kuelezwa hilo. Kangomba, ule ununuzi wa magendo, tunaijua: mchuuzi anakuja na kikombe chake wakati huna hata chumvi ndani, anapima anavyotaka yeye, na bei ya dunia haijawahi kufika kwenye kikombe kile.

Na viwanda vikifungwa, mnunuzi wa ghafi anabaki mmoja mkubwa, yule wa ng'ambo ya bahari. Atakupa bei gani, na umeshamuonyesha kwamba huna pengine pa kupeleka?

Huwa namkumbuka Carlos Cardoso. Alikuwa mwandishi wa habari Maputo, gazeti lake Metical likisambazwa kwa faksi, na aliipigania korosho bila kuchoka, toleo baada ya toleo, akidai viwanda vilindwe. Aliuawa kwa risasi tarehe 22 Novemba 2000. Kilichomuua ni uchunguzi wake wa wizi wa mabenki, si korosho, lakini sauti ile ilikuwa moja.

Msumbiji wenyewe hawakukaa kimya. Vyama vya wafanyakazi na wenye viwanda walisimama pamoja, jambo ambalo si la kila siku, na mwaka 1999 bunge likapitisha sheria ya kurudisha ushuru wa ghafi kati ya asilimia 18 na 22. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 vikaibuka viwanda vidogo, hasa Nampula: korosho inapigwa mvuke kwanza, halafu mbanguaji anaipasua kwa kisu cha mashine ya kukanyaga kwa mguu, moja moja, nzima inatoka nzima. Ujuzi wa mikono, uleule ulioambiwa haupo.

 

Kwetu pia, ndiyo, tulijengewa viwanda miaka ya 1970 kwa mikopo, na vingi viliishia kuwa maghala. Nimekua nikipita kando ya ukuta wa kimoja, nikidhani ni ghala tangu siku ya kwanza. Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa kwamba mle ndani ziliwekwa mashine.

Kijana wa kwenye foleni, sina chuki nawe. Ulisema ulichofundishwa. Lakini siku ukifika Angoche, tafuta mama mwenye umri wa bibi yangu, umuulize alikuwa anafanya kazi wapi mwaka 1996. Kisha muulize aliacha lini, na nani alimwambia aache.