Vipuri vya kudumu: treni inaokoa, nani analipa?

Muuzaji wa beringi ghali, kile kipuri kinachoifanya ekseli ya treni izunguke kwa wepesi, hapotezi muda kuitetea bei yake. Anazungumzia treni iliyolala karakanani, na ana haki. Beringi yenyewe ni sehemu ndogo ya hesabu. Kinachokula pesa ni kuinua behewa kwa jeki, kutoa bogi, yaani ile fremu inayobeba ekseli na magurudumu, kuichomoa beringi kwa mashine, kufunga mpya, kupima na kujaribu. Muda wote huo treni haiingizi hata senti. Kama kazi hiyo itafanyika mara moja badala ya mara mbili, beringi ya bei maradufu bado ni nafuu.

Kwa sehemu kubwa historia ya reli iko upande wa muuzaji huyu. Zamani ekseli zilizunguka kwenye beringi za wazi zilizotegemea oili ya kumiminwa kwa mkono. Oili ikikauka chuma kilisagana na chuma, joto likapanda, moshi ukaanza kutoka. Mwaka 1930 kampuni ya Timken, watengenezaji wa beringi, ilitoa kichwa cha treni chenye beringi za rola, yaani zenye vyuma vinavyobiringika ndani, kwenye ekseli zake zote, kikazungushwa kwenye mashirika ya reli ya Marekani ili wenye shaka wajionee. Leo beringi za rola zilizofungwa na grisi yake ndani ndizo za kawaida. Mota za kuvuta treni nazo zilipita njia hiyohiyo: zile za umeme wa mkondo mmoja zilikuwa na brashi za kaboni zilizolika na kumwaga vumbi, lakini za mkondo geu zinazotumika sasa hazina brashi kabisa.

Katika mifano hii miwili, kipuri kipya hakikurefusha tu muda wa kusubiri matengenezo. Kiliifuta kazi yenyewe. Hakuna tena kumimina oili wala kubadilisha brashi. Huko ndiko akiba kubwa imetoka, na naona watetezi wengi wa vipuri vya kudumu huchanganya mafanikio hayo na jambo jingine kabisa, yaani kuchukua kipuri kilekile na kukifanya kigumu zaidi. Ukifika hapo, mambo yanaanza kuwa na utata.

Chukua reli. Chuma cha kawaida cha reli barani Ulaya huitwa R260, kwa kuwa ugumu wake kwa kipimo cha Brinell huanzia 260. Kile kilichopitishwa kwenye joto ili kikazwe, R350HT, huanzia 350. Kwenye kona kali, ambako gurudumu husugua ubavu wa reli, kile kigumu hulika polepole zaidi na kulipa gharama yake bila ubishi. Lakini kulika si adui pekee wa reli. Kila gurudumu linapopita huacha mkazo mkubwa kwenye eneo lisilozidi ukubwa wa sarafu, na mkazo huo ukirudiwa mara mamilioni huzaa nyufa ndogo juu ya chuma. Reli inayolika huondoka na baadhi ya nyufa hizo kabla hazijakomaa. Reli isiyolika huzihifadhi.

Watetezi wa chuma kigumu wana jibu zuri: chuma hicho hustahimili nyufa vizuri zaidi pia, kwa hiyo mwisho wa hesabu bado kinashinda. Nakubali, kwa sharti moja. Mashine ya kusaga reli ipite kwa ratiba, ikwangue ile ngozi ya juu ambayo zamani magurudumu yenyewe yaliikwangua. Anayenunua reli ngumu kisha akapunguza bajeti ya kusaga na kukagua amehamisha tatizo tu. Na nyufa zina bei yake. Tarehe 17 Oktoba 2000 karibu na Hatfield, Uingereza, reli ilisambaratika chini ya treni ya abiria kwa sababu ya nyufa za namna hii, watu 4 wakafa. Treni zikapunguzwa mwendo katika mamia ya maeneo nchini humo, na mwaka uliofuata Railtrack, kampuni iliyomiliki njia hizo, ikawekwa chini ya usimamizi wa kufilisika.

Breki za mabehewa ya mizigo zinanishawishi zaidi, kwa sababu pale mgawanyo wa faida na hasara unaonekana waziwazi. Vibao vya breki vya chuma cha kusubu hukwaruza uso wa gurudumu, na gurudumu lenye mikwaruzo hupiga kelele. Vibao vya mchanganyiko wa kisasa huliacha gurudumu laini na treni ikapita kimya zaidi. Uswisi na Ujerumani zilifunga mlango kwa mabehewa yenye kelele mwaka 2020. Wanaoishi kando ya reli wamepata usingizi. Ila kibao cha chuma hubeba sehemu ya joto la breki; cha mchanganyiko hakipitishi joto vizuri, kwa hiyo joto hilo hubaki kwenye gurudumu.

Gurudumu lililoungua hupelekwa kwenye mashine ya kukereza, linyolewe hadi umbo lirudi. Kila mkerezo huondoa milimita kadhaa, na zikifika kipimo cha mwisho gurudumu ni chakavu. Tena magurudumu mawili ya ekseli moja lazima yalingane kipenyo. Moja likipata kasoro, fundi atamnyoa na mwenzake asiye na kosa. Kwa hiyo kibao cha bei ndogo kinaweza kula uhai wa magurudumu mawili ya bei kubwa, na mwenye behewa ndiye anayelipa huku ukimya ukifaidiwa na wengine.

Kuna vipuri ambavyo hupaswi hata kuvifanya vidumu sana. Mkono ulio juu ya paa la treni ya umeme hugusa waya kwa ukanda wa kaboni, na kaboni hiyo imechaguliwa ili ilike yenyewe. Weka kitu kigumu pale, nacho kitaula waya kwa kilomita nyingi.

Beringi iliyofungwa ina hila nyingine: kwa kuwa haifunguliwi, haionekani. Mwezi Februari 2023 huko East Palestine, Ohio, beringi iliyopata joto kupita kiasi iliangusha mabehewa 38 ya treni ya mizigo. Vihisi vya kupima joto la beringi vilikuwepo kando ya reli. Cha mwisho kikatoa tahadhari na wafanyakazi wakaanza kuisimamisha treni, lakini beringi ilikuwa imekwisha. Sehemu ya pesa inayookolewa kwa kutomimina oili inatakiwa irudi kwenye vihisi, na viwe karibu karibu.

Mzozo wa nani anayelipa huwa mkubwa zaidi pale njia, treni na karakana zinapokuwa mikononi mwa kampuni tofauti. Baadhi ya wanunuzi humfunga mtengenezaji aitunze treni kwa miongo kadhaa, naye hujikuta ana sababu ya kuweka vipuri bora tangu mwanzo. Nalipenda wazo hilo, ingawa mnunuzi hubaki bila pa kwenda kutafuta vipuri vya bei nyingine.

Kabla ya yote hayo, kuna hesabu ambayo mara nyingi haifanywi. Tuseme bogi hufunguliwa kila kilomita 1,200,000, na muuzaji analeta kipuri cha kilomita 1,600,000 badala ya kile cha 1,200,000. Kwenye karatasi ni theluthi zaidi ya uhai. Karakanani kitatolewa kwenye 1,200,000 kikiwa bado kizima, kwa sababu hakitafika ufunguaji unaofuata. Ama kifike 2,400,000, ama ratiba nzima ya bogi isogezwe na kila kipuri kilichomo kiweze kuvumilia.