Msiifute Alama ya Mkono wa Fundi Kwenye Bilauri

Matangazo mengi ya glasi za kifahari siku hizi yanafanana: nyuma kweupe pe, bilauri imesimama peke yake, haina kivuli, haina kiputo, kingo zimenyooshwa kwa kompyuta. Inapendeza, sikatai. Lakini iweke picha hiyo kando ya picha ya bilauri ya plastiki iliyopigwa vizuri, uone kama utajua ipi ni ipi. Mnunuzi anaombwa alipe bei kubwa kwa kitu ambacho picha yenyewe imekivua kila kinachohalalisha bei hiyo. Linaniudhi sana hili.

Tuanze na mwanga. Kioo huupitisha mwanga na kuupinda, kwa hiyo unachokiona kwenye picha ni kingo zake na vitu vya jirani vilivyojiakisi humo: dirisha, taa, hata shati la mpiga picha. Ukikimulika kwa mbele unaambulia madoa meupe tu. Ndiyo maana mafundi wa picha wana njia mbili za tangu zamani. Moja, unamulika ukuta wa nyuma uwe mweupe, taa isiiguse bilauri moja kwa moja, kisha unasimamisha kadibodi nyeusi kulia na kushoto, nje kidogo ya picha. Kingo zinajichora kwa mstari mweusi. Nyingine ni kinyume chake: nyuma kunakuwa kweusi, mwanga unapenya kutoka pembeni, na umbo linajichora kwa mstari mweupe.

Kwa kristali iliyochongwa, mimi nachagua nyuma kweusi bila kusita. Kwa kanuni za Ulaya za mwaka 1969, kristali ya risasi (kioo kilichochanganywa na madini ya risasi) lazima iwe na angalau asilimia 24 ya oksidi ya risasi, na risasi hiyo ndiyo inayoongeza nguvu ya kioo kupinda mwanga na kuutawanya kuwa rangi. Kwenye weupe, zile cheche za rangi zinamezwa zote. Weupe tuziachie glasi za mvinyo nyembamba zisizo na nakshi.

Kuhusu uhariri: vumbi na alama za vidole ziondoke, na ni bora ziondoke kwa glavu na kitambaa kabla kamera haijawashwa. Ila geuza bilauri iliyopulizwa kwa mdomo utazame chini ya kitako. Mara nyingi utakuta duara dogo lililosuguliwa, pale ilipobanduliwa kutoka kwenye fimbo ya chuma. Nimeona duara hilo likifutwa kwenye picha kana kwamba ni kasoro! Mimi ningelipiga picha kwa karibu na kuliweka ukurasa wa kwanza wa katalogi.

Video nazo zina ugonjwa wao, nao ni kupunguza mwendo kwa kila kitu. Viwanda vya kristali vya Ufaransa ni vya zamani: Saint-Louis wanahesabu historia yao tangu 1586, Baccarat tangu 1764, na muda wote huo kazi imekuwa ya haraka. Kioo kinatoka tanurini kikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi. Fundi akiacha kuzungusha fimbo kidogo tu kinalegea na kuning'inia upande mmoja, akichelewa kinagoma kufinyangwa. Ukipunguza mwendo unamwonyesha mtu asiye na haraka, na umahiri wake wote umepotea. Iacheni kamera imtazame kwa mwendo wake halisi, kipande kimoja kirefu kisichokatwa, muone mabega yake yanavyofanya kazi.

Na muziki uzimwe kidogo. Kristali ya risasi ikigongwa inalia, na mlio wake unakaa hewani kuliko wa glasi ya kawaida. Gurudumu la kuchonga nalo lina sauti yake, pamoja na maji yanayolipoza. Kampuni inayolipia studio na wahariri haishindwi kulipia fundi sauti mmoja na maikrofoni nzuri iliyowekwa karibu na meza ya kuchongea.