Henry Kaoa Wake Sita, Bili Naletewa Mimi

Ndugu zangu, mtu akikwambia anakuja London kukusalimia, usimwamini. Anakuja kumsalimia Mfalme. Wewe ni pa kushushia mizigo tu. Atakukumbatia uwanja wa ndege, atakupa salamu za wazee na kifurushi cha dagaa kilichoponea chupuchupu forodhani, na kabla begi la mwisho halijaingia kwenye buti ameshauliza, "Buckingham tunakwenda lini?"

Mimi kazi yangu ni ghala, zamu ya usiku. Napanga maboksi mpaka alfajiri, siku ya mapumziko nataka kulala kama binadamu wengine. Wapi! Nimekuwa mtembeza wageni asiyelipwa, tena nauli natoa mimi, na chai nanunua mimi. Lile geti la Buckingham nimesimama mbele yake mpaka nadhani walinzi wananijua kwa sura.

Shemeji yangu alipokuja alisimama pale kwenye manyunyu, simu juu, anangoja mtu atokeze dirishani. Nikamwambia, shemeji, tazama bendera. Ikipepea ile ya simba na kinubi, mwenyewe yupo. Ikipepea ya Uingereza ya kila siku, mwenyewe hayupo. Leo ni ya kila siku. Tunapiga picha nyumba ya mtu ambaye hayupo. Akanijibu, "Shemeji, subira." Basi tukasubiri. Maji yameingia kwenye kiatu, soksi imelowa, na usiku huohuo naingia kazini.

Jumba lenyewe lina vyumba 775. Mabafu 78! Kwangu choo ni kimoja, watu sita, na asubuhi ukikaa zaidi ya dakika tano mlango unagongwa kama vile umedaiwa. Shemeji akaona vizuizi vya ujenzi, akauliza kulikoni. Nikamweleza kwamba mwaka 2017 walianza ukarabati, nyaya, mabomba na maboila, pauni milioni 369, na kazi ikapangiwa miaka kumi. Akaguna. "Miaka kumi? Basi ni fundi yuleyule wa kwetu."

Afadhali wao wana fundi. Dari la bafu langu limeota ukungu mweusi, mwenye nyumba nikimpigia simu inaita mpaka inajichokea. Halafu oneni akili za wenzetu. Novemba 1992 kasri ya Windsor ikashika moto, ukumbi mkubwa ukateketea. Mwaka uliofuata wakafungua milango ya Buckingham wakati wa kiangazi, watu walipe kiingilio, pesa zikaikarabati Windsor. Nyumba moja imeungua, unakatisha tiketi za nyumba nyingine! Na watu wakapanga foleni, na mpaka leo wanapanga. Nimewaza sana kukatisha watu tiketi za kuja kuangalia ukungu wangu.

Msidhani ni wageni tu. Wenyeji ndio wamezidi. Alipofariki Malkia Elizabeth, Septemba 2022, watu wapatao 250,000 walipita kuuaga mwili pale Westminster Hall. Foleni ilifuata mto Thames maili na maili, ikafika mahali ukiambiwa muda wa kusubiri ni zaidi ya saa 24. Kuna jamaa kazini kwetu, mtu ambaye akikuta watu wawili kwenye mashine ya kahawa anasonya na kugeuza. Huyo alisimama usiku kucha. Akarudi kavimba miguu, anasimulia kwa fahari utadhani katoka Hija.

Na kuna yule Richard wa Tatu. Aliuawa vitani mwaka 1485, akazikwa Leicester, kaburi likapotea. Mwaka 2012 wakamkuta wapi? Chini ya maegesho ya magari. Mfalme! Wakampima mifupa, wakakuta uti wa mgongo umepinda, na mwaka 2015 wakamzika upya kanisani, watu wamejaa barabarani wanamrushia jeneza maua. Mimi nimewahi kuegesha gari dakika chache tu kupita muda, faini ilifika nyumbani kabla yangu. Yeye kalala pale zaidi ya karne tano hakuna aliyemwekea karatasi kwenye kioo.

Wanasema wanapenda historia. Historia gani? Sijawahi kupata mgeni akaniuliza kodi ilikuwa kiasi gani enzi za Mfalme Henry wa Nane, au mkulima alikula nini. Wanauliza nani alimwacha nani, nani alimzaa nani na nani alifumaniwa. Ni udaku. Tena udaku mtamu kuliko wote, kwa sababu wahusika wamekufa, hakuna wa kuja mlangoni kukuuliza ulisema nini jana.

Hayo yote niliyavumilia. Kisha akaja mama mkwe kutoka Tanga.

Mke wangu yuko kazini, watoto shule. "Baba Salma, mpeleke mama Hampton Court, si upo tu." Kulala baada ya zamu ya usiku ndiko huko kuwa nipo tu. Tukapanda treni Waterloo mpaka mwisho wa reli, tukavuka daraja, jumba hilo la matofali mekundu, alikokaa Henry wa Nane, mfalme wa Uingereza wa karne ya kumi na sita. Mama Kiingereza hakipandi, kwa hiyo mkalimani ni mimi. Na hapa ndipo naomba mnielewe vizuri. Mama mkwe ni mtu unayemwamkia huku umeinamisha macho. Kuna mambo hayatamkwi mbele yake. Sasa mweleze huyo ndoa za Henry wa Nane.

Nikaanza pole pole. Mke wa kwanza, Catherine, alitoka Hispania, waliishi zaidi ya miaka ishirini, mtoto aliyesalia ni wa kike tu. Mfalme anataka wa kiume. Akamwomba Papa aivunje ndoa, Papa akagoma. Mfalme akajitoa kwa Papa, mwaka 1534 akawa mkuu wa Kanisa yeye mwenyewe.

"Kaigeuza dini nchi nzima kwa ajili ya talaka?"

"Ndiyo, mama."

"Kwani kwao hakukuwa na kadhi?"

Wa pili, Anne Boleyn, alikatwa kichwa mwaka 1536, na mtu wa upanga aliagizwa kutoka ng'ambo ya bahari maana wa hapa walizoea shoka. Mama akauliza kosa lake. Jasho likanitoka. Nikasema walidai alikuwa na mazungumzo na wanaume.

"Mazungumzo gani?"

"Mazungumzo marefu, mama."

Akanitazama. Akanielewa. Tukasonga mbele. Wa tatu, Jane, alijifungulia humuhumu Hampton Court mwaka 1537, akampata huyo wa kiume, na haikufika wiki mbili akafariki. Mama akamwombea, akauliza kama palikuwa na mkunga wa maana.

Sasa wa nne. Huyu Anne mwingine alitoka Ujerumani, mwaka 1540. Mfalme aliletewa picha yake iliyochorwa na mchoraji wake, Holbein, akaipenda. Alipomwona mwenyewe, moyo ukakataa. Ndoa ilidumu miezi sita tu. Mama alikuwa ameshaanza kumwonea huruma, nikamwambia ngoja. Huyu hakubisha. Aliletewa karatasi akasaini. Akapewa jumba la Richmond, akapewa ngome ya Hever, akapewa posho, na mfalme akamtangaza kuwa dada yake mpenzi. Mfalme mwenyewe alitangulia kufa, na wake wenzake wote wakatangulia, yeye akabaki wa mwisho.

Mama akatafuta benchi akaketi.

"Rudia hapo. Talaka na nyumba mbili?"

"Na posho."

"Na kichwa chake?"

"Kilibaki, mama."

"Huyo ndiye mwanamke," akasema, akatoa simu, akawarekodia wanawake wenzake wa kikoba kule Tanga ujumbe wa sauti mrefu kuliko ndoa yenyewe. Watalii wa Kijapani wanatuzunguka, mama anapaza sauti: "Hajabisha! Kasaini! Kapewa nyumba!" Nikajifanya nasoma kibao.

Wa tano, Catherine Howard, alikuwa binti mdogo tu, akakatwa kichwa mwaka 1542. Mama hakuningoja. "Huyu naye mazungumzo?" Mazungumzo, mama. Wa sita, Catherine Parr, alifungia ndoa hapahapa mwaka 1543, na huyo ndiye aliyemzika mzee. Mama akakaa kimya, anapiga hesabu za vidole. "Baba Salma, huyu bwana angesilimu mapema, wanne wangekaa pamoja na shingo zao."

Jikoni ndiko alikostarehe. Mama amepika pilau za harusi maisha yake yote, kwa hiyo hakuingia kama mtalii, aliingia kama mkaguzi. Mekoni, pale wanapobanika nyama, ni pakubwa kuliko sebule yangu. Nikamwambia jiko lilikuwa likilisha watu zaidi ya 400, mara mbili kwa siku. Akashika ukuta, akachungulia dohani, akauliza, "Masufuria waliosha kina nani?" Swali hilo sijalisikia kwa mtalii mwingine yeyote. Nilikuwa na jibu, maana kwa kuja huku mara kwa mara nimejaa mambo yasiyonisaidia. Mwaka 1526 ilitolewa amri ya kukataza vijana wa jikoni kufanya kazi uchi au na nguo chafu. Nikalimeza. Nikasema, "Vijana, mama, vijana."

Choo nacho akakiuliza. Cha watu wa kawaida wa mle ndani kilikuwa na nafasi ya kukaa watu 28 kwa mpigo. Na mfalme? Mfalme alikuwa na mtu wake maalumu wa kumhudumia haja, tena si mtumwa, mtu wa ukoo, mwenye cheo, mwenye sikio la mfalme. Kazi hiyo watu waliigombea.

"Na alilipwa?"

"Sana, mama."

"Sasa wewe na maboksi yako unalalamika nini?"

Nilipomwambia kwamba tangu George wa Pili afariki mwaka 1760 hakuna mfalme aliyeishi tena katika jumba hili, alishtuka kweli. Vyumba vyote hivi, mahali pote hapa, vitupu? Na bustani zinamwagiliwa? Na ule mzabibu wa mwaka 1768 bado unazaa? Unazaa, mama, na zabibu zinauzwa. Hapo nikamwona anaangalia kona za ukuta kwa jicho la mtu anayepanga wapangaji.

Jambo moja ndilo linaniuma. Katika wageni wangu wote, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia, twende Portsmouth. Sultani wetu wa mwisho wa Zanzibar, Jamshid bin Abdullah, alipopinduliwa Januari 1964 aliishia huko, mji wa bandari, nyumba ya kawaida. Akakaa zaidi ya miaka hamsini, mpaka mwaka 2020 aliporuhusiwa kuhamia Oman, akafariki huko Desemba 2024. Miaka yote hiyo, mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti cha enzi kwetu, mwenye kuongea Kiswahili, alikuwa saa mbili tu kwa treni. Sisi tuko Buckingham, tumelowa, tunapungia dirisha tupu. Nilimtajia mama. Akasema, "Huyo alikuwa na wake sita?" Nikasema hapana. Akarudi kwenye simu yake.

Lakini mama simlaumu. Alikua akisimuliwa kuhusu Princess Margaret aliyekuja Tanganyika mwaka 1956, mpaka hospitali kubwa ya Dar ikaitwa kwa jina lake, hiyohiyo ambayo leo ni Muhimbili. Waliotuzaa walipangwa barabarani kupunga vibendera. Sisi tunapunga simu, na nauli tunajilipia.

Mama karudi Tanga na biskuti za bati lenye picha ya taji, ambazo hazifunguliwi, zimekaa kabatini kwa ajili ya wageni. Sasa huko mtaani ndiye mwenye habari zote. Kila mkutano wa kikoba kina mama wanapewa sehemu, kama tamthilia, na akikwama ananipigia. Anapiga saa moja asubuhi, ndio nimevua viatu. "Baba Salma, shikilia hapohapo. Yule Anne wa nne, zile nyumba aliwaachia nani?" Hakuwa na mtoto, mama, mali ya ufalme ikarudi kwa ufalme. Nikasikia nyuma yake sauti za wanawake wakisikitika, mmoja akisema angeandikisha wosia.

Juzi kapiga tena. Dada yake naye anatafuta viza. Ila yeye, anasema mama, majumba ya marehemu hayataki, anataka kuonana na Mfalme Charles mwenyewe, uso kwa uso, na mimi ninayekaa hukohuko nishindweje kumwombea hata dakika kumi.

"Mama," nikamwambia, "mimi hata mwenye nyumba wangu hapokei simu."