Gazeti la nani hilo? Ali Nabwa na mwaka mmoja wa Dira

Mwaka 2003, kwenye baraza moja ya Ng'ambo, mjini Unguja, nakala moja ya gazeti ilitosha watu kumi na tano. Mmoja akisoma kwa sauti, wengine wanasikiliza na vikombe vya kahawa mkononi. Nilikuwemo. Habari zenyewe nyingine zimenitoka kichwani, lakini sijasahau namna msomaji alivyokuwa akishusha sauti kila akifika kwenye jina la mtu. Mtoto wa mmoja wa waliotajwa, mtu mzima mwenye familia yake, alikuwa amekaa pale pale ukingoni mwa baraza, akizungusha kikombe kilichokwisha kahawa.

Gazeti lilikuwa Dira, la kila wiki, na mhariri wake Ali Nabwa. Lilianza mwishoni mwa 2002 na likahesabiwa kuwa gazeti la kwanza la watu binafsi Visiwani tangu Mapinduzi ya 1964. Tarehe 24 Novemba 2003 Serikali ya Mapinduzi ikalifunga. Liliishi kama mwaka mmoja tu, na mwaka huo umewatosha watu kumfanya Nabwa shujaa au mchochezi, kutegemea uko baraza gani.

Huku kwetu, gazeti jipya likitua mbele ya watu, swali la mwanzo ni "la nani hilo?" Limeandika nini, hilo huja baadaye. Wageni huona kama ni umbea, lakini swali lina sababu zake. Al-Falaq lilikuwa la Jumuiya ya Waarabu. Mwongozi ulikuwa upande wa Hizbu, chama cha ZNP, Afrika Kwetu upande wa Waafrika waliokuja kuwa Afro-Shirazi Party (ASP), na ZaNews ilikuwa ya mwanasiasa Abdulrahman Babu na wenzake. Wakoloni nao walijua kujibu kwa mahkama: mwaka 1954 viongozi wa Jumuiya ya Waarabu walishitakiwa kwa yaliyochapwa ndani ya Al-Falaq, na mwaka 1962 Babu akafungwa miezi 15 kwa uchochezi. Ikaja Januari 1964, magazeti yale yakazimika, likabaki la serikali, Kweupe. Na Babu mwenyewe, aliyefungwa kwa kalamu, alikuwa waziri katika serikali ya siku zile. Hilo huwa halisemwi sana anapokumbukwa.

Kwa hiyo wanaomlaumu Nabwa hawakuanzia hewani. Kampuni iliyokuwa ikichapisha Dira ilikuwa na mkono wa Ismail Jussa, na Jussa wakati ule alikuwa mtu wa CUF, chama cha upinzani, wala hakupata kuficha. Wakati wenyewe nao ulikuwa mbaya. Januari 2001 watu walipigwa risasi katika maandamano ya CUF Unguja na Pemba, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Muafaka, mapatano ya CCM na CUF, ulitiwa saini Oktoba mwaka huo huo. Dira lilipotoka, wino wa Muafaka ulikuwa na mwaka mmoja tu. Ndipo likaja gazeti linalofukua miaka ya 1960 na 1970, nani aliuawa na nani aliamrisha. Waliosema linatonesha kidonda hawakuwa makada wa chama peke yao. Baadhi walikuwa wazee wenye ndugu upande wa waliouawa na upande wa waliotajwa kuua, maana Zanzibar ndiyo hiyo, mtu hana pa kusimama asiguse jamaa yake.

Nilikuwa nikiidharau hoja hii, nikiiona kisingizio cha wakubwa. Kila nikimkumbuka yule mtu na kikombe chake kitupu, nashindwa kuidharau mpaka mwisho.

Lakini tazama Nabwa aliandika juu ya nani. Aliandika juu ya Abdulla Kassim Hanga. Hanga hakuwa Hizbu wala mpinzani wa Mapinduzi. Alikuwa Waziri Mkuu wa siku za mwanzo kabisa za Mapinduzi hayo. Mwaka 1969 yeye na Othman Shariff, mtu mwengine wa ASP aliyepata kuwa balozi Marekani, walirudishwa Zanzibar kutoka Bara, na huo ukawa mwisho wao. Mahkama ya wazi hatukuiona, wala kaburi la kwenda kusomea dua. Anayesema Dira lilikuwa sauti ya waliopinduliwa anieleze kwa nini lilikuwa likiwalilia waliopindua. Na kunyamaza nako kuna wanaofaidika. Miaka thelathini na kitu ya kutosema ilimstarehesha aliyekuwa na la kuficha na kumtesa aliyekuwa na la kuuliza. Skuli tulifundishwa Mapinduzi kama mashairi ya gwaride, mstari hadi mstari, na Hanga hakuwamo.

Upande huo mimi niko na Nabwa. Kwenye habari ya Januari 2003 siko naye kwa urahisi hivyo. Dira liliandika kwamba watoto wa Rais wa Zanzibar, Amani Karume, walitumia nafasi yao kujipatia mashirika ya umma yaliyokuwa yakiuzwa. Waliotajwa wakaenda mahkamani, na gazeti likaamriwa kulipa fidia ya mamia ya mamilioni ya shilingi. Tuhuma kama ile inataka nyaraka, tena zenye mhuri. Uhodari wa lugha hausaidii mbele ya jaji. Mhariri anayejua kwamba wapo wanaomsubiri ateleze, hana ruhusa ya kuteleza. Unaweza kusema fidia ile ilikuwa ya kuua gazeti kuliko kumfuta mtu machozi, na nakubali. Hata hivyo aliyejiona amechafuliwa akaenda kwa jaji alikwenda panapostahiki.

Serikali haikwenda huko. Ilichukua kalamu. Sheria ya Usajili wa Wakala wa Habari, Magazeti na Vitabu, Namba 5 ya 1988, ilimpa waziri uwezo wa kulifunga gazeti akiona maslahi ya umma yanataka hivyo. Waziri akaona. Sababu iliyotolewa ni kukiuka maadili ya uandishi, na hapo mtetezi wa serikali mwenye insafu anapaswa kujikuna kichwa. Kama maadili yamekiukwa, mahkama ipo na imeshaonesha kuwa haiogopi kulikata gazeti. Mlalamikaji, mwendesha mashitaka na hakimu wakiwa mtu mmoja, hata mwenye haki huonekana dhalimu. Kitendo kile ndicho kilichommaliza kabisa yule mtu wa kati, aliyekuwa na mashaka na Dira lakini akitaka lijibiwe kwa hoja.

Tena hawakuishia kwenye gazeti. Mwaka huo huo wa 2003 Idara ya Uhamiaji ilikuwa imeshamgeukia mhariri mwenyewe, ikidai si raia wa Tanzania. Nabwa alikuwa na asili ya Kingazija, ya visiwa vya Comoro. Wangazija wako Unguja vizazi na vizazi. Wamesomesha watu dini na kuwashonea kofia wanazovaa Ijumaa. Lakini tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 uraia wao umekuwa kama nguo ya kuazima, mwenyewe huikumbuka siku akigombana na wewe. Swali lile la baraza likahama: kutoka gazeti la nani, likawa mhariri ni mtu wa wapi.

Bara walishalionja. Februari 2001 serikali ilitangaza kuwa Jenerali Ulimwengu, mmoja wa waasisi wa gazeti la Rai, si raia. Wengi hukumbuka jina hilo moja, wakasema uraia ni rungu la kuwapigia wahariri. Ndiyo, lakini waliotajwa siku ile walikuwa wanne, na mmojawapo alikuwa Maudline Castico, mtu wa CCM hapa hapa Zanzibar, aliyekuja kuwa waziri wa Serikali ya Mapinduzi miaka ya baadaye. Rungu hilo halichagui chama, humwangukia yeyote aliyewaudhi wenye kulishika. Kwa mwandishi lina ubaya zaidi, kwa sababu linamwacha msomaji na kisingizio cha kutosoma: maneno ya mgeni hayo, yanatuhusu nini?

Siku hizi tuna tuzo. Baraza la Habari Tanzania limekuwa likitoa za EJAT, za umahiri wa uandishi wa habari, tangu 2009, na TAMWA Zanzibar, chama cha waandishi wanawake, nao wana zao, na vijana wetu wanashinda kwa kazi nzuri za afya, maji na wanawake katika uongozi. Nawapongeza, kwa moyo mmoja. Ila tuzo hupewa makala, na makala inataka mahala pa kutoka. Waandishi wa Visiwani waliingia miaka ya 2020 wakiidai bado sheria mpya ya habari badala ya ile ya 1988, wakapewa ahadi baada ya ahadi. Magazeti ya kuchapishwa ya watu binafsi hapa ni ya kutafuta kwa tochi. Yule asiyetaka gazeti lenye mkono wa chama angetusaidia sana kama angedai pia uwanja ambao asiye na chama anaweza kuchapisha bila kuomba radhi kwanza. Maana kwa hali ilivyokuwa 2002, nani mwengine asiyekuwa na mgongo wa siasa angethubutu kutia fedha zake?

Miaka kadhaa baada ya Dira kufungwa, yule mtu wa kikombe kitupu alinikuta Darajani nikinunua samaki. Tukaamkiana, tukaulizana hali za watoto. Akanivuta pembeni, akaniuliza kama najua mtu aliyeweka nakala ya gazeti lile la siku ile. Nikamuuliza ya nini tena, yakhe, si ulilisikia lote?

"Sikulisikia vizuri," akasema. "Jamaa alikuwa akishusha sauti."