Kinyonga wa Kyela kwenye kipupwe cha Uyole

Mpwa wangu wa darasa la tano alirudi likizo ya Juni kutoka kwa bibi yake Kyela akiwa amekumbatia boksi la viatu lililotobolewa matundu. Ndani alikuwemo kinyonga wa kijani, mkia umejikunja, jicho moja linaniangalia mimi na jingine linamwangalia mtoto. Nilipaswa kumgombeza palepale. Sikuweza. Huku kwetu watu wengi wakimwona kinyonga hupita mbali, wengine humpiga mawe kwa kuamini ana sumu au ana mkosi. Hana sumu hata tone. Kumwona mtoto anamshika bila woga kulinifurahisha kiasi kwamba nikasahau maswali mengine yote.

Usiku ule niliamka kunywa maji nikakuta mlango wa jikoni umefungwa na joto linatoka chini yake. Boksi lilikuwa pembeni ya jiko la mkaa, na mtoto amejilaza kwenye mkeka karibu yake. Nilimtoa yeye kwanza, kisha jiko, kisha boksi. "Mjomba, anasikia baridi," akaniambia huku machozi yanamlenga.

Alikuwa na haki ya kuogopa baridi. Kyela iko kando ya Ziwa Nyasa, mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari. Huku juu Uyole, Mbeya, ni zaidi ya mita 1,700, na kipupwe cha Juni na Julai kinaingia mpaka kwenye mifupa. Lakini jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa ni kifo, kwa mtoto na kwa mnyama. Ile hewa ya sumu haina harufu, na kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala nayo wasiamke.

Nimeona wengine wakimfunika kinyonga blanketi. Hili nalo halisaidii, na sababu yake ni nyepesi. Blanketi huhifadhi joto la mwili, na kinyonga hana joto lake mwenyewe la kuhifadhi. Yeye ni mnyama wa damu baridi, joto lote analipata nje. Ukimfunika akiwa wa baridi, atabaki wa baridi.

Kabla ya kuhangaika na joto, uliza kwanza huyu kinyonga ni wa wapi. Kwenye misitu ya Uporoto na Mlima Rungwe yuko kinyonga ambaye dume lake lina pembe tatu. Wataalamu humwita Trioceros fuelleborni. Huyo ni mtoto wa ukungu. Tofauti na yule wa Kyela, hatagi mayai, anazaa watoto hai, kwa kuwa kwenye ardhi ya baridi mama anayehamahama kufuata jua huwapasha joto watoto walio tumboni kuliko udongo ungepasha mayai. Kwake usiku wa baridi ndio mapumziko. Mwili unapoa, kila kitu kinakwenda polepole, analala. Mtu akimwashia joto usiku kucha anamnyima pumziko hilo, na mnyama anadhoofika siku hadi siku huku mwenye nyumba akiamini anamtunza.

Wa Kyela ni habari nyingine. Huyu wa kwetu alikuwa na yale mapande ya ngozi nyuma ya kichwa, wale wanaoonekana sana nchi za chini. Tulimtengenezea tundu la wavu lenye matawi, tukaliweka chumba cha katikati ya nyumba, mbali na dirisha. Nikanunua kipimajoto cha banda la vifaranga kwenye duka la dawa za mifugo. Siku ambazo kilishuka chini ya nyuzi 15 nilijaza chupa maji ya moto kama ya kuoga, nikaifunga kwa kanga, nikaiegemeza kwenye wavu kwa nje, upande mmoja tu. Basi. Taa ya vifaranga niliikataa. Kinyonga anahitaji giza ili alale, na akiwa karibu na taa anaweza kuungua ngozi kabla hajashtuka kusogea. Tena umeme ukikatika saa nane usiku, anatoka kwenye joto kali na kuingia kwenye baridi kali kwa mara moja.

Lakini yote hayo ya usiku ni madogo. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba wanaowapoteza vinyonga wao wakati wa kipupwe wanawapotezea mchana. Saa moja na nusu asubuhi, jua likiingia kibarazani, tulikuwa tunalitoa tundu nje. Usiku ukimmulika kwa tochi alikuwa amepauka, karibu mweupe. Sasa aligeuza ubavu mmoja kuelekea jua, akajibana mpaka akawa bapa kama jani, na ubavu ule ukaanza kuwa mweusi. Rangi nyeusi inavuta joto. Baada ya nusu saa weusi ulikuwa ukiondoka, ukijani unarudi, na hapo ndipo alipotupa ulimi kwa panzi wa kwanza. Mpwa wangu hakupiga kelele, alinishika mkono tu.

Chakula tulimpa kabla ya saa sita mchana. Tumbo la kinyonga bila joto halisagi kitu, na panzi aliyemezwa jioni anaweza kulala humo mpaka akaoza. Siku za ukungu, jua lisipotoka kabisa, hatukumlisha.

Kosa langu lilikuwa la maji. Kinyonga hunywa matone kwenye majani, na mimi nilikuwa nanyunyizia saa kumi na mbili jioni nikitoka kazini. Siku ya nne mtoto akaniita: "Mjomba, mbona anatazama juu na mdomo wazi?" Kulikuwa na povu dogo pembeni mwa mdomo. Unyevu na baridi pamoja vinaingia kifuani. Nilihamishia maji asubuhi, ya uvuguvugu, majani yakauke kabla ya jua kuzama, na povu halikurudi. Yule mnyama alikuwa akinitegemea mimi, nami nilikuwa namlowesha wakati ule ule baridi inapoingia. Bado inaniuma.

Na kuna lile nililolisahau siku ya boksi. Kinyonga ni mnyamapori, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha hata kuwasafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Wa Uporoto hawako kwingine duniani ila kwenye milima yetu hii, na mimi sioni sababu yoyote ya kumtoa mmoja wao msituni.

Jumamosi ya pili tukapanda Coaster na tundu magotini. Kule kwa bibi, mtoto aliusogeza mkono wake kwenye shina la mti wa kakao, mahali alipomchukulia. Kinyonga akayumba mbele na nyuma, akashika gome kwa mguu mmoja, kisha wa pili. Ilikuwa saa tano, joto la Kyela limepanda tayari. Hakugeuza ubavu, hakuwa mweusi. Alipanda moja kwa moja hadi tukampoteza kwenye majani.